Minimus: Kitabu cha Kilatini cha Watoto, Kinavyosomeka Mtwara kwa Kiswahili

Kitabu ninachokihakiki hapa ni Minimus, kilichoandikwa na Barbara Bell, kikachorwa na Helen Forte na kutolewa na Cambridge University Press mwaka 1999 kwa ajili ya watoto wa shule za msingi nchini Uingereza, hasa wenye umri wa miaka 7 hadi 10. Nimekitumia nyumbani, hapa Mtwara mjini, kuwafundisha Kilatini watoto wangu wawili, binti aliyeko darasa la tatu na mdogo wake wa darasa la kwanza, ambao wote wanasoma katika shule ya serikali inayofundisha kwa Kiswahili. Nitangulize kusema kwamba ni kitabu kizuri sana kwa mtoto wa huku kwetu, ila kina sharti moja ambalo halikuandikwa popote ndani ya kurasa zake: Kiingereza hakina budi kuondolewa katikati. Mzazi akimtoa mtoto kwenye Kilatini na kumfikisha moja kwa moja kwenye Kiswahili, sehemu kubwa ya magumu ambayo kitabu kinajitahidi kuyafafanua haitakuwapo kabisa. Akimzungusha kwanza kwenye Kiingereza, atakuwa amemtwisha mtoto mizigo miwili kwa safari moja, na mmoja kati ya hiyo hauhitajiki katika umri wake.

Wapo watakaouliza Kilatini ni cha nini kwa mtoto wa Shangani au Chikongola. Sababu za kawaida zinajulikana: istilahi za tiba, sheria na baiolojia zimejaa Kilatini, na mwanafunzi atakapofika kidato cha kwanza atazikuta kwa wingi bila kuelezwa zimetoka wapi. Sababu hizo ni za kweli, lakini hazimsukumi mtoto wa miaka minane. Yeye anavutwa na hadithi, na kwa furaha ya kujua jambo ambalo wenzake bado hawalijui. Mimi nilikuwa na sababu nyingine tena. Katika Kiingereza, mtoto wa Mtwara hujikuta mara nyingi nyuma ya mtoto wa Dar es Salaam aliyesoma shule ya binafsi, na hilo humkatisha tamaa mapema. Katika Kilatini wote wanaanzia mahali pamoja, hakuna aliyezaliwa nacho, na kama nitakavyoeleza, mtoto anayekizungumza Kiswahili tangu utotoni ana mambo kadhaa ambayo wengine watayatolea jasho.

Minimus ni panya. Anaishi katika nyumba ya ofisa wa jeshi la Kirumi kwenye ngome ya Vindolanda, kaskazini mwa Uingereza, karibu mwaka 100 baada ya Kristo, na paka wa nyumba hiyo anaitwa Vibrissa. Hadithi inasimuliwa kwa vibonzo, na Kilatini kimo ndani ya viputo vya mazungumzo, kwa sentensi fupi kiasi kwamba hata mtoto ambaye ndiyo kwanza anajua kusoma anaweza kuzimaliza bila kukwama. Mwanafunzi hakariri orodha ndefu kabla ya kukutana na sentensi. Anakutana na sentensi kwanza, anakisia maana yake kwa kutazama picha, ndipo sarufi inapofuata. Mpango huu unawafaa watoto wadogo kuliko ule wa zamani wa kuanza na majedwali. Mwanangu mdogo, ambaye kusoma kwake bado ni kwa kuunganisha silabi, alianza kucheka kabla dada yake hajamaliza kumsomea, kwa kuwa picha ilikuwa imeshamweleza.

Familia yenyewe haikubuniwa yote, na hilo ndilo lililoniridhisha kuliko mengine. Flavius Cerialis, baba wa nyumba, alikuwa kweli kamanda wa kikosi cha tisa cha Wabatavi pale Vindolanda, na mkewe Sulpicia Lepidina aliishi kweli ngomeni. Tunawajua kwa sababu ya vibao vyembamba vya mbao, vyenye ukubwa wa kadi ya posta, vilivyoandikwa kwa wino kisha vikatupwa, ambavyo udongo uliojaa maji na usiopenya hewa ulivihifadhi mpaka vilipoanza kupatikana mwaka 1973 katika uchimbaji ulioongozwa na Robin Birley. Kimojawapo ni mwaliko: Claudia Severa, mke wa kamanda mwingine, anamwomba Lepidina afike kwenye siku yake ya kuzaliwa, tarehe 11 Septemba, na baada ya maandishi ya karani ameongeza salamu kwa mkono wake mwenyewe. Mistari hiyo michache ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kilatini yanayojulikana kuandikwa na mwanamke. Kibao kingine kinataja soksi na nguo za ndani alizopelekewa mtu wa ngomeni. Kingine kinaomba askari wapelekewe bia kwa sababu wameishiwa. Mzazi atakayeyasoma haya pembeni na kuyaongeza katika somo atapata faida kubwa, maana watoto hupenda kujua kwamba watu wanaowasoma waliwahi kuona baridi na kuandikiana barua. Sisi tulikata vipande vya boksi vyenye ukubwa uleule, tukachovya kijiti kwenye wino, na binti yangu akamwandikia bibi yake wa Masasi mwaliko wa maneno matatu, veni ad nos, njoo kwetu. Bibi alikihifadhi kipande kile ndani ya Biblia yake.

Nije sasa kwenye sarufi. Kitenzi cha Kilatini kinambeba mtenda ndani yake: amo, amas, amat, amamus, amatis, amant. Mtoto Mwingereza anatakiwa kuelezwa jambo hili kwa uangalifu, kwa kuwa lugha yake hulazimika kumtaja mtenda kwa neno la peke yake, na haina neno tofauti la kuwaita watu wengi mbali na lile la kumwita mmoja. Mtoto wa Kiswahili anasema napenda, unapenda, anapenda, tunapenda, mnapenda, wanapenda, na kazi imekwisha. Nafsi ni zilezile sita, kwa mpangilio uleule, isipokuwa sisi huzitanguliza na Warumi walizifungia mwishoni. Scribunt ni wanaandika, neno moja kwa neno moja. Mtoto akilifasiri kwa Kiingereza anahitaji maneno mawili, kisha anaanza kutafuta ni kipande gani cha neno la Kilatini kinacholingana na neno lipi la Kiingereza, na hapo hupotea bila sababu. Vivyo hivyo, Kilatini hakina vile vibainishi vidogo ambavyo Kiingereza huvitanguliza mbele ya nomino na ambavyo huwasumbua wanafunzi wetu hadi chuo kikuu. Sisi nasi hatuna. Sijawahi kutumia hata dakika moja kulieleza jambo hilo.

Upatanisho wa kisarufi ni nafuu kubwa zaidi. Katika Kilatini kivumishi hufuata nomino yake: mus parvus ni panya mdogo, lakini puella parva ni msichana mdogo, na oppidum parvum ni mji mdogo. Vitabu vya Kilatini vinavyoandikwa kwa ajili ya Waingereza hulichukulia jambo hili kuwa kikwazo kinachopaswa kusogelewa polepole, kwa sababu kivumishi cha Kiingereza hakibadiliki. Mtoto anayesema mtoto mdogo, kitabu kidogo, nyumba ndogo na mahali padogo tangu hajaingia shule hashangai hata kidogo. Nilipomweleza mwanangu kwamba nomino za Kilatini zimegawanyika katika makundi matatu, na kila kundi lina mwisho wake wa kivumishi, aliuliza kama ni matatu tu. Ninashauri mzazi ayaite makundi hayo ngeli, wala asiharakishe kuyaita ya kike na ya kiume. Mtoto akiambiwa kwamba meza ni ya kike ataanza kutafuta sababu katika meza yenyewe, na sababu haipo. Akiambiwa kwamba mensa iko katika ngeli ya -a ataelewa na kuendelea. Majina ya kiume na ya kike yanaweza kuja baadaye, atakapokuwa mkubwa wa kutosha kusoma vitabu vinavyoyatumia.

Katika matamshi pia mtoto wetu anatangulia. Irabu tano za Kiswahili zinamtosha kuanza kusoma Kilatini kwa sauti siku hiyohiyo, bila kujifunza upya herufi inasomwaje, wakati mtoto Mwingereza huvutwa na mazoea ya lugha yake ambamo irabu moja husomwa kwa namna nyingi. Hata hivyo zipo sehemu mbili ambapo Kiswahili chenyewe hutega. Ya kwanza ni mwisho wa neno. Watoto wetu huongeza irabu pale penye konsonanti, hivyo est huwa esti na sunt huwa sunti, na panya mwenyewe huitwa Minimusi. Nilichofanya ni kuwazoeza kufunga midomo au kubana ulimi mara neno linapokwisha, na wakalichukulia kama mchezo. Ya pili ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila mara, na mtoto husoma Kilatini chote hivyo. Katika maneno mengi hupatia, kwa kuwa Kilatini nacho huweka mkazo hapohapo silabi hiyo inapokuwa nzito, yaani yenye irabu ndefu au inayofungwa na konsonanti, kama katika Vindolanda na Cerialis. Silabi hiyo ikiwa nyepesi, mkazo hurudi nyuma hatua moja: Minimus hukaziwa mwanzoni, na Flavia, jina la binti wa nyumba ile, vilevile. Maelezo ya kitabu kuhusu matamshi hayawezi kuliona tatizo hili, maana halimhusu msomaji wao. Mzazi wa Kiswahili anapaswa kulisikilizia mwenyewe tangu ukurasa wa kwanza, kwa sababu kosa la mkazo likishakomaa halitoki kirahisi.

Huku Kusini kuna jambo la ziada kuhusu matamshi. Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien, watawa wa Kikatoliki, wamekuwapo Ndanda tangu mwaka 1906, na wazee wengi wa kule waliotumikia altareni kabla ya mageuzi ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki uliokaa kati ya 1962 na 1965, wanakumbuka sala na nyimbo za Kilatini hadi leo. Babu wa watoto wangu ni mmoja wao. Kitabu kinafuata matamshi ya kale kama yanavyofundishwa shuleni Uingereza, ambamo herufi v husomwa kama w na c husomwa kama k daima. Babu alipotutembelea na kumsikia mjukuu wake akimsalimia kwa salve iliyotamkwa salwe, aliweka kikombe chini akauliza, "Hiyo salwe yenu mmeitoa wapi? Sisi kwa mapadri tulisema salve." Kisha akasali Pater noster yote, kwa taratibu, na neno caelis akalitamka chelis. Watoto walimsikiliza kimya kwa namna ambayo hawajapata kunisikiliza mimi. Matamshi ya kanisa si makosa. Ni ya zama nyingine na ya matumizi mengine. Tulikubaliana kwamba kitabu kitasomwa kwa matamshi ya kitabu na sala zitasaliwa kwa matamshi ya babu, na watoto wanabadilisha bila shida, kama wanavyobadilisha Kiswahili cha darasani na cha mtaani. Mzazi ambaye ana mzee wa aina hii katika ukoo asiache kumtumia, maana hakuna kitabu kitakachompa mtoto sauti ya mtu wake mwenyewe akisema Kilatini.

Mahali ambapo Kiswahili hakisaidii, na ambapo nilihitaji subira, ni tofauti kati ya mtenda na mtendwa. Katika Kilatini, mwisho wa nomino ndio unaoonyesha nani ametenda na nani ametendwa, wala si nafasi yake katika sentensi. Niliandika maneno matatu kwenye kadi nilizokata kutoka boksi la sabuni, feles, murem na videt, nikazipanga mkekani: paka anamwona panya. Binti yangu alisoma vizuri. Nikamwomba abadilishe nafasi za kadi mbili za mwanzo ili ziwe murem feles videt, kisha anieleze sasa nani anamwona nani. Akasema panya anamwona paka. Nikamwambia bado paka ndiye anayeona. Alinitazama, akazitazama kadi, akasema, "Mama, lakini nimewageuza!" Nikamwonyesha herufi ya mwisho ya murem, kisha nikampa kadi nyingine mbili, mus na felem, bila kusema neno. Alizipanga moja baada ya nyingine, akachukua videt akaiweka mwanzoni, kisha katikati, kisha mwishoni, akinong'ona kila mara nani anaona. Baada ya muda akamwita mdogo wake amfundishe yeye. Tangu siku hiyo kila tunapofungua kitabu huanza kwa kutafuta herufi m mwishoni mwa maneno kabla ya kusoma. Kiswahili humwonyesha mtendwa ndani ya kitenzi, kwa ile -m- ya anamwona, na nilijaribu kuanzia hapo. Lakini kadi zilifanya kazi kuliko maelezo, na ninampendekezea kila mzazi njia hii, kwa kuwa haigharimu chochote na mtoto huligundua jambo kwa mikono yake.

Upungufu wa kitabu kwetu unaonekana zaidi katika zile sehemu zinazomtaka mtoto atafute maneno ya Kiingereza yaliyotokana na Kilatini. Kwa Mwingereza ni zoezi la maana. Kwa mtoto wa darasa la tatu anayesoma kwa Kiswahili ni kumwomba atafute asichokuwa nacho, na nilipojaribu kulipitia alinyamaza tu. Nimeliondoa lote, nikaweka badala yake orodha yetu wenyewe, kwa sababu Kiswahili nacho kimepokea maneno ya Kilatini kwa mikono ya wengine. Wareno walituletea meza, ambayo chanzo chake ni mensa, na mvinyo, ambao chanzo chake ni vinum. Wajerumani walituachia shule, ambayo kwa Kilatini ni schola. Gereza limetokana na neno la Kireno la kanisa, ambalo nalo limetoka kwenye ecclesia, na mtoto aliyewahi kufika Kilwa Kisiwani na kuliona lile boma linaloitwa Gereza ana mahali pa kulifungia neno hilo. Julai na Agosti ni Iulius na Augustus.

Kisha ipo miti. Majina ya kisayansi ya mimea ni Kilatini, na mtoto wa mkoa huu amezungukwa nayo. Mkorosho ni Anacardium occidentale, jina alilolitoa Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753, na occidentale maana yake ni wa magharibi, kwa kuwa asili yake ni Brazili, kabla Wareno hawajauleta pwani yetu. Mtu akipita Naliendele, kwenye kituo cha utafiti wa korosho, ajue kwamba jina hilo ni la kazi za kila siku kwa watu wa pale. Mwembe ni Mangifera indica na mnazi ni Cocos nucifera, na watoto wenyewe ndio walioona kwamba -fera imejirudia, wakauliza; ni yenye kuzaa, mmoja unazaa embe na mwingine unazaa kokwa. Muhogo ni Manihot esculenta, wenye kulika. Kwa upande wa Lindi kuna Tendaguru, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, na mnyama mkubwa kuliko wote waliomsimamisha katika makumbusho ya Berlin anaitwa Giraffatitan brancai, ambapo -i ya mwisho inasema ni wa Branca, mwanasayansi wa Kijerumani aliyepewa heshima hiyo. Zoezi la kitabu lilikuwa ukurasa mmoja. Hili letu halijaisha, na daftari lake ndilo watoto wanalolipenda kuliko yote.

Kuna suala lingine zito ambalo mzazi wa Mtwara au Lindi hawezi kulipita haraka. Katika nyumba ya Flavius wamo watumwa, Corinthus, Mgiriki mwenye elimu, na Candidus, mpishi Mkelti, na kitabu kinawachora kwa uchangamfu uleule kinaomchora nao panya. Watoto wanawapenda. Lakini sisi tunaishi katika nchi ambayo utumwa ulipita hivi karibuni. Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kuu ya kusafirishia watumwa katika karne ya 19. Misafara ilishuka mpaka Mikindani. Na misheni ya Masasi, kwao na bibi wa watoto hawa, ilianzishwa mwaka 1876 na watu waliokombolewa utumwani, walioletwa kutoka Unguja na Askofu Edward Steere. Binti yangu aliuliza kwa nini Candidus haondoki akaenda kwao. Swali hilo lilistahili jibu kamili, na kitabu hakikunipa msaada wa kutosha. Nilimweleza kwamba mtumwa wa Kirumi alikuwa mali, aliweza kuuzwa, na mwenye kutoroka aliadhibiwa vikali. Kwamba wengine waliachwa huru na wengi zaidi hawakuachwa. Na kwamba tabasamu la katika picha ni la mchoraji. Naona ni wajibu wa mzazi wa huku kulisema hili mapema, katika sura za mwanzo, wala asingoje mtoto aulize. Kama mwandishi angeliongeza ukurasa mmoja wa kweli kuhusu maisha ya watumwa, kitabu kingekuwa bora sana kwa watoto wote, wa Uingereza nao.

Kuhusu dini, jirani yangu ambaye wanawe huenda madrasa kila alasiri aliniuliza kama Kilatini si mambo ya kanisa, kwa maana binti yake alikuwa akitamani kukaa nasi mkekani. Nilimpa kitabu akapitie mwenyewe. Ndani yake hamna kanisa. Hiyo ni familia ya Kirumi ya kabla ya Ukristo kuenea huko, yenye miungu mingi, na miungu hiyo pamoja na visasili vya Wagiriki na Warumi vinasimuliwa sura hadi sura. Mzazi Mwislamu na mzazi Mkristo wote wawili watahitaji kusema kwamba hizi ni imani za watu wa kale. Jirani aliridhika, na mtoto wake sasa husoma nasi. Yeye ndiye mwenye matamshi safi kuliko wote, jambo ambalo halinishangazi, maana amezoea tangu utotoni kusoma kwa sauti maandiko ya lugha nyingine huku akisahihishwa herufi kwa herufi. Subira ya namna hiyo haipatikani katika kitabu chochote.

Upatikanaji ni mgumu. Sijakiona kitabu hiki katika duka lolote la vitabu hapa mjini wala Lindi. Chetu kilinunuliwa na ndugu aliye nje, kikafika Dar es Salaam, kikaletwa kwa basi. Sauti za kusindikiza kitabu ziliuzwa kwa CD, na nyumba nyingi siku hizi hazina kifaa cha kuichezea, hivyo asiyekuwa nacho asiilipie. Kuna pia kitabu cha mwalimu, chenye mazoezi ya kunakiliwa. Ni cha msaada kwa mzazi ambaye hajawahi kusoma Kilatini, lakini kimeandikwa kwa Kiingereza na kwa darasa zima, na mzazi mwenye watoto wawili au watatu anaweza kuishi bila hicho. Nawasihi wazazi wasikitoe kivuli kitabu chenyewe katika maduka ya vifaa vya ofisi. Mbali na haki ya mwandishi, nakala ya rangi nyeusi huziua picha, na kwa mtoto mdogo picha ndizo zinazobeba nusu ya maana.

Mzazi asiyejua Kiingereza vizuri asivunjike moyo, lakini ajue kwamba maelezo yote na visasili vyote vimo katika lugha hiyo, na itambidi atangulie sura moja mbele ya mtoto, akiwa na kalamu. Mimi niliandika maelezo ya sarufi kwa Kiswahili katika daftari, sura baada ya sura, na mwisho wa kazi hiyo nilijikuta sikutafsiri. Nusu ya maelezo niliyaacha kwa kuwa mtoto wa Kiswahili hayahitaji, na nusu nyingine niliandika upya. Kwa mzazi mwenyewe anayetaka kujifunza ili awafundishe wengine, ningependekeza kitabu cha Hans Ørberg, Lingua Latina per se illustrata, ambacho chote kimo katika Kilatini kuanzia sentensi ya kwanza, Roma in Italia est, na kwa hiyo hakimlazimishi msomaji kupitia lugha ya tatu. Si cha watoto wadogo, kwani hakina mchezo na ni kirefu, lakini mtu mzima anayesoma kidogo kila usiku atakiweza.

Sura za Minimus ni 12, na kwa vipindi vifupi vya dakika 20 baada ya chakula cha jioni, bila kuharakisha, mtoto wa darasa la tatu anavimudu kwa furaha. Kwa yule wa darasa la kwanza ninashauri masikio na mdomo kwanza: asikilize, aitikie salamu, ataje nani ni nani katika picha, na kuandika kungoje mpaka Kiswahili chake cha maandishi kiwe kimetulia. Baada ya hapo kipo Minimus Secundus, kilichotoka mwaka 2004, kinachoihamishia familia hiyohiyo Eboracum, mji ambao leo unaitwa York, kwa ajili ya watoto wakubwa kidogo. Tumekwisha kuomba tununuliwe, na binti yangu ameshaanza kuandaa kadi za maneno atakayoyahitaji.